Laini moja, maombi kibao
Wadau, mfumo wetu wa kupimia kahawa hapa Moshi sasa unaita kazi za seva kupitia websoketi (laini ya mtandao inayobaki wazi, kifaa na seva wakiongea pande zote mbili), na hatujafungua poti mpya, yaani mlango mwingine wa mtandao. Seva ile ile ya HTTP, poti 443: kifaa kinatuma ombi la kawaida lenye kichwa cha Upgrade, seva inajibu 101 (yaani imekubali kuhamia websoketi), basi laini inabaki wazi.

Utamu uko kwenye JSON-RPC 2.0, utaratibu wa kuandika maombi ya kuita kazi na majibu yake. Websoketi yenyewe haijui jibu lipi ni la ombi lipi, inasafirisha ujumbe tu. Kwa hiyo kila ombi linabeba id yake na jibu linarudi na id hiyo hiyo, kama namba ya foleni benki. Ombi la bei likichelewa, la uzito linapita. Na seva nayo inaweza kuuita mzani wa Kibosho bila kuulizwa (hii raha jamani!).

Ila Nginx (programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva) ikiwa mbele, kwa mpangilio wake wa awali laini ikikaa kimya sekunde 60 inakatwa. Sisi tunatuma pingi (ujumbe mdogo wa kuonyesha laini iko hai) kila sekunde 30.

Mtandao wa mlimani ukikatika, unganisha upya. Kuuliza bei rudia utakavyo. "Ongeza kilo" usirudie kienyeji, seva ikague kwanza namba ya risiti, la sivyo mkulima mmoja atalipwa mara mbili.