Aliyesimama Mlangoni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nimekaa na picha moja ya Edvard Munch, mchoraji wa Norway. Inaitwa Kifo katika Chumba cha Mgonjwa, aliichora mwaka 1893. Wengi mnamjua kwa ile nyingine ya mwaka huohuo, ya mtu aliyejishika mashavu mdomo wazi, mbingu nyekundu juu yake. Hii ni ya kimya. Ni chumba, kitanda, na watu wa nyumba moja ambao kila mmoja amebaki na lake.

Mgonjwa ni Sophie, dada yake Munch, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1877 akiwa na miaka 15. Mama yao alikuwa ametangulia kwa ugonjwa huohuo mwaka 1868. Lakini Sophie humwoni. Kiti chake kimegeuzwa, unaona mgongo wa kiti tu. Uchungu wote umehamia kwenye miili ya wanaomuuguza. Baba yao, daktari wa jeshi na mcha Mungu, amefumbata mikono anaomba. Mama mdogo yuko kando ya kiti. Laura, dada mwingine, ameketi mbele, kichwa kimeinama, mikono mapajani. Inger, dada yao mdogo, anatukabili, uso umempauka. Na kule nyuma kushoto, karibu na mlango, yuko Andreas, ndugu yao wa kiume, ametupa kisogo, kama mtu anayetaka kutoka na hawezi.

Wachoraji wa mkondo wa Munch, uitwao simbolizimu, hawakutaka kunakili kile macho yanachokiona. Walitaka rangi na mkao wa mwili viseme yaliyo moyoni. Munch mwenyewe alisema hachori anachokiona, anachora alichokiona. Ndiyo maana hapa amefanya jambo ambalo limenikosesha usingizi: Inger alikuwa na miaka 9 dada yake alipokufa, lakini amemchora mtu mzima. Wote amewachora hivyo. Miaka 16 imepita na bado wamo mle chumbani. Baba alikwisha kufa tangu 1889, na bado amesimama anaomba.

Aliomba, na binti akafa. Kwa Yairo Bwana aliingia, akamshika mtoto mkono, akainuka. Kwa Munch kiti kikabaki wazi. Sina maelezo ya hilo, na wanaokuja msibani na maelezo tayari mdomoni huwa wananiumiza.

Ninachokiona katika Maandiko ni kwamba Mungu huusoma mwili wa mtu hata maneno yakikatika. Gethsemane, kabla Bwana hajatamka neno la sala yake, Mathayo anatuambia alianguka kifulifuli. Paulo naye anasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua, wapendwa, ni sauti ya mwili. Na siku ya msalaba, Luka anaandika kwamba wote waliojuana na Yesu walisimama kwa mbali wakitazama. Zamani niliusoma mstari huo kama lawama. Sasa naona Luka hakuwalaumu popote. Aliwaandika tu kuwa walikuwepo.

Nalisema hili kwa sababu ya kaka yangu. Mama alipokuwa kwenye siku zake za mwisho, sisi dada tulikuwa kitandani, mmoja anamlowesha midomo kwa pamba, mwingine anasoma Zaburi. Kaka hakuvuka kizingiti. Siku tatu alisimama pale, kidole gumba kikibandua rangi ya mwimo wa mlango, mpaka mbao ikaonekana. Hakuomba kwa sauti, hakumshika mama mkono. Nilimhesabia jambo hilo miaka mingi, na sikuwahi kumwambia. Tulisalimiana vizuri kwenye harusi na kwenye misiba mingine, nami moyoni nikiwa na daftari.

Jumanne usiku, baada ya kumtazama sana Andreas, nilimpigia simu. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza tu kama anaukumbuka ule mlango. Alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika.

Kisha akasema, "Dada, pale ndipo nilipokuwa nasikia vizuri anavyopumua. Nilikuwa nahesabu. Nikiogopa nikisogea nitapoteza hesabu."