Dansi la mjomba

Mkaza mjomba alikataa katakata. "Kisomo tumefanya, ubwabwa watu wamekula, marehemu kapumzika. Sasa mnataka kumpelekea magitaa kaburini?" Wazee wa msikitini wakamuunga mkono, na kusema kweli sikuwa na jibu la maana. Sisi marehemu tunamkumbuka kwa hitima. Dansi halimo kwenye orodha. Lakini mjomba aliishi dansini, na wengi waliokuwa wananipigia simu wakitaka "tumfanyie kitu mzee" walimjua akiwa jukwaani, gitaa kifuani. Tukaafikiana: asubuhi kisomo nyumbani, muziki uwanjani baada ya isha, na anayetaka kimoja asilazimishwe kingine. Mkaza mjomba akasema yeye ni wa asubuhi tu.

Kwa asiyeijua Morogoro, mji huu ulio chini ya Milima ya Uluguru uliwahi kuwa na bendi mbili zilizoitikisa nchi nzima: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz, iliyoanza 1944 na baadaye ikamtoa Mbaraka Mwinshehe. Kwa wazee wa hapa ushabiki wa bendi hizo ulikuwa Simba na Yanga ya zama zao. Mume huku, mke kule, na chakula kinapoa mezani. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka, akiwa tayari ana bendi yake, Super Volcano, naye ajali ya gari, huko Kenya, Januari 1979. Keti na mzee yeyote wa Mwembesongo azitaje ajali hizo mbili, utadhani zimetokea juzi.

Mjomba alikulia ndani ya kelele hizo. Bendi alizopitia yeye zilikuwa ndogo, zinaundwa leo, mwakani zimevunjika, mwenye vyombo kachukua vyombo vyake. Hili vijana wa sasa hawalijui: enzi hizo gitaa halikuwa la mpigaji. Lilikuwa la tajiri mwenye bendi, au la chama, au la shirika la umma. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu. Ndiyo maana tulipotafuta gitaa la mjomba tuliweke mbele ya jukwaa, halikuwepo. Hakuwahi kuwa nalo.

Halafu alikuwa mpiga gitaa la rithimu. Kwenye dansi la kwetu solo ndilo linalopaa, besi linatembea, mwimbaji anasimulia, tarumbeta zinajibu. Rithimu inarudia kitu kilekile kuanzia wimbo unapoanza taratibu, maneno yakiimbwa, mpaka kwenye chemko, pale watu wanapoacha kusikiliza na kuanza kucheza. Mtangazaji wa Radio Tanzania alikuwa akitaja bendi, mtunzi, mwimbaji, na siku akijisikia vizuri anamtaja na mpiga solo. Mbaraka alipewa mpaka cheo, Soloist National. Rithimu hana cheo. Nilipomuuliza mjomba kama hilo lilimuuma, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hana mkia.

Basi uwanjani. Viti vya plastiki, turubai moja, jenereta la kuazima kwa sababu umeme hatukuuamini, vyombo vya kukodi. Wakongwe walikuja, wengine kwa basi kutoka Dar, mmoja akitembea na mkongojo lakini tarumbeta ameshika mwenyewe, hataki kupokewa. Hotuba zilikuwa nyingi mno. Kiongozi mmoja aliongea kuhusu usafi wa mazingira kwa kirefu, sijui marehemu aliingia wapi hapo. Na zile fulana zenye picha ya mjomba sikuzipenda, ametolewa kapauka, lakini kamati ilishapitisha.

Nafasi ya rithimu ilishikwa na kijana anayepiga kanisani. Ana mkono mzuri, kodi zote za gitaa anazijua. Shida ilianza wimbo ulipoingia kwenye chemko: kijana akapandwa na mori, akaanza kupambapamba, vidole vinakimbilia juu kwenye shingo ya gitaa, anataka kuruka na solo. Dansi likalegea. Hukuhitaji kuwa mwanamuziki kulijua hilo, wachezaji wenyewe walianza kukosea hatua. Mzee wa besi akamsogelea bila kuacha kupiga, akamwambia kwa sauti iliyonaswa na maiki ya jirani, uwanja mzima ukasikia: "Kaa hapohapo. Usiende popote."

Kijana akakaa. Akarudia, akarudia, akarudia. Na nilimsikia mjomba. Sina namna nyingine ya kulisema. Maisha yangu yote nilikuwa nikimtazama tu akipiga. Usiku ule ndipo nilisikia kazi yake ilikuwa nini, na niliisikia kwa sababu ilikosekana kwanza.

Kwenye kutunza, watu huwa wanamfuata mwimbaji, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, wanamalizia kwa mpiga solo. Mama mmoja, muuza mboga wa sokoni, alipanda akicheza, akampita mwimbaji, akampita wa solo, akambandika yule kijana elfu tano. Uwanja ulilipuka. Baada ya hapo kijana alitunzwa mpaka akawa hana pa kuziweka, na mwimbaji, nadhani, hakufurahi sana.

Vijana waliomba singeli. Tukawapa nusu saa, vumbi likapanda. Mjomba alikuwa na maneno yake kuhusu singeli: "Hao hawana rithimu, wana haraka." Mimi sikubaliani naye, ila yeye hawezi tena kubisha, kwa hiyo nalisema hapa kwa tahadhari.

Na mkaza mjomba? Alitokea saa nne hivi, kajitanda khanga, akasema amekuja kuhesabu viti vya watu visije vikapotea. Akakaa kwenye kimoja. Hakucheza, lakini mguu wake mmoja haukuwa wa kisomo.

Kibali kilikuwa mwisho saa sita, tukazima. Hela iliyobaki haikuwa nyingi. Nusu ya kamati inataka mwakani tukodi vyombo vikubwa zaidi, mimi na mzee wa besi tunataka linunuliwe gitaa moja la mtaa, la rithimu, mtoto yeyote ajifunzie. Tulibishana mpaka jenereta likapakiwa. Mkaza mjomba alikuwa bado yupo. Akasema gitaa linunuliwe, hilo halina mjadala, na mwakani tusimkalishe mbele karibu na spika, zimemtoboa masikio. Tumweke upande wa besi.