Nilikuja Alberta kusomea shamba, nikapewa kalkuleta

Watu wa nyumbani wakinipigia huku Alberta, jimbo la Kanada, swali la kwanza huwa baridi na la pili trekta. Baridi ipo. Januari inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, na gari linachomekwa kwenye umeme usiku kucha kama simu ili injini ikubali kuwaka asubuhi. Trekta nazo zipo, kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Lakini sehemu kubwa ya masomo yangu ya uendeshaji wa shamba imepita mezani, nikibishana na tarakimu.

Nasoma Lakeland, chuo kilichopo Vermilion, mji mdogo mashariki mwa Edmonton. Kilianza mwaka 1913 kama shule ya kilimo, na kinachokipa jina ni shamba linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe. Usifikirie vitalu vya mfano vyenye vibao. Ni shamba la biashara lenye ngano, shayiri, kanola (zao la mbegu za mafuta), ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Mwaka wa kwanza unasoma udongo, magugu, lishe ya mifugo na uhasibu. Mwaka wa pili mnagawana majukumu: huyu mbegu, yule mbolea, wale mifugo, sisi mauzo. Walimu wanakaa pembeni na kuuliza maswali ya kukera. "Umejuaje?" ndilo wanalolipenda zaidi.

Swali la kwanza kabla mbegu haijagusa udongo ni hili: ekari moja itakula shilingi ngapi? Huku wanasema dola, na mavuno yanapimwa kwa busheli, ambayo kwa kanola ni kama kilo 22.7. Tuseme ekari imekugharimu dola 400 na unatarajia busheli 40. Basi chini ya dola 10 kwa busheli unamlimia mnunuzi bure. Hesabu ya darasa la tano. Ugumu upo kwenye ile 400 umeipataje.

Mimi nilidhani ni mbegu, mbolea, dawa, dizeli. Mwalimu akataka kodi ya ardhi hata kama ardhi ni yako, kwa sababu ungeweza kumkodishia jirani. Akataka uchakavu wa mashine. Akataka riba. Kisha akataka mshahara wa mwenye shamba na wa kila mtu wa familia aliyeshika kazi. Hapo nilinyamaza kidogo. Nimekulia Njombe, kwenye viazi na mahindi, na sijawahi kusikia mtu akiandika siku za mama shambani. Jembe lake tulilihesabu kama mvua: linakuja lenyewe. Ndiyo maana tuliweza kuuza gunia kwa bei yoyote na kusema mwaka huu tumepata.

Vikao vya mauzo ndivyo nilivyovipenda zaidi. Wenzangu wengi ni watoto wa wakulima wa hapahapa, wamekua wakimsikia baba yao akiongea bei za kanola wakati wa kifungua kinywa. Ubishi mkubwa ni kiasi gani kiuzwe kwa mkataba kabla ya kuvuna. Ukifunga bei mapema unalala usingizi, lakini mvua ya mawe ikipiga mwezi wa saba, mzigo ulioahidi unadaiwa vilevile. Usipofunga, bei inaweza kuporomoka wakati kila mtu anavuna. Kwa hiyo unauza sehemu, unabakiza sehemu, na unaandika sababu. Hilo la kuandika sababu wanalisisitiza mno, ili bei ikigeuka msianze kulaumiana kwa kumbukumbu.

Halafu kuna siku ya kupeleka mzigo. Nafaka inapimwa uzito, unyevu na takataka. Ngano ikizidi unyevu wa asilimia 14.5, au kanola asilimia 10, haihesabiwi kuwa kavu, na ukiihifadhi hivyo inaweza kuchemka yenyewe ndani ya kihenge. Mnunuzi ndiye anayekutajia daraja. Lakini usipokubaliana naye, sheria inakuruhusu sampuli ipelekwe Tume ya Nafaka ya Kanada, chombo cha serikali kilichopo tangu 1912, na jibu lao linawafunga wote wawili. Kampuni zenye leseni pia zinaweka dhamana, ili zikifilisika mkulima asibaki na karatasi mkononi.

Mtu wa Njombe akisikia hivyo anafikiria nini? Lumbesa. Sheria yetu inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaijua vizuri. Lakini dalali akifika shambani na gunia lenye kilemba juu, viazi vimeshachimbwa na vinaanza kugeuka kijani juani, nani atamwambia aende zake? Utakokotoaje bei kwa kilo ikiwa hujui umeuza kilo ngapi?

Hapa ndipo nagombana na wenzetu wa ughaibuni wanaorudi likizo na kuhubiri kwamba mkulima wetu hana nidhamu ya hesabu. Huyu wa Alberta hesabu zake zina mgongo. Ana bima ya mazao ambayo serikali ya taifa na ya jimbo zinachangia zaidi ya nusu ya ada. Anayekamua maziwa yuko ndani ya mfumo wa kwota, yaani kiwango cha maziwa anachoruhusiwa kuuza, na bei yake hupangwa kwa kuangalia gharama za uzalishaji. Ukimnyang'anya hayo yote, hata yeye daftari lake litajaa vumbi. Nasema hivyo nikiwa naamini daftari kuliko trekta.

Wanaoniuliza kuhusu kuja: ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji. Tangu Novemba 2024 kibali cha masomo kinakuruhusu kazi ya nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa muhula, hivyo usipange kujilipia ada kwa kufanya kazi. Kilimo kimo kwenye fani zinazoweza kukupa kibali cha kazi baada ya kuhitimu, ila orodha ya programu hubadilishwa. Itazame mwenyewe kwenye tovuti ya serikali kabla hujamlipa wakala yeyote. Na usije ukidhani utanunua shamba. Sensa ya 2021 ilikuta wastani wa umri wa wakulima wa Kanada ni miaka 56, na bei ya ardhi ni sababu mojawapo ya vijana wao wenyewe kushindwa kuingia.

Kwa sasa mwanafunzi wangu ni baba mdogo. Nilimtumia jedwali dogo kwa WhatsApp, ekari moja ya viazi na moja ya mahindi. Jumapili akanipigia. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akaingia moja kwa moja.

"Mwanangu, unataka nimlipe mama yako mdogo?"

"Sijasema umlipe, baba. Nimesema umwandike."

"Nikimwandika, mahindi yanaonyesha hasara."

"Ndiyo."

"Basi simwandiki."

Nikamwambia viazi vinafaulu hata akimwandika, ila ile ekari ya mahindi pengine afadhali aikodishe. Akacheka, akasema mahindi ni chakula, hayakodishwi. Simu ilikuwa kwenye spika. Nikamsikia mama mdogo kwa nyuma akiuliza kibarua wa palizi siku hizi analipwa shilingi ngapi kwa siku. Hilo nikamwachia baba mdogo ajibu.