Pa Kutua

Mwanafunzi aliye mazoezini katika maabara yetu hapa Nairobi aliniuliza juzi swali zuri: tunapopima kuganda kwa damu, kwa nini tunaizungusha damu ya chupa yenye kifuniko cha buluu mpaka chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zishuke chini, kisha tunaitia plazma (majimaji ya damu) iliyobaki juu mafuta ya kitendanishi?

Mafuta yale yanashika nafasi ya chembe sahani tulizoziondoa. Chembe hiyo, ambayo upana wake ni takriban mikromita 2 hadi 3, ikiwa imetulia huificha fosfatidilserini, aina ya mafuta yenye chaji hasi, upande wa ndani wa utando wake. Ikichochewa kwa pamoja na kolajeni (protini ya ukuta) ya mshipa uliokatika na thrombini (kimeng'enya kinachogandisha damu), kalsiamu hupanda ndani yake, nayo protini iitwayo TMEM16F huvuruga mpangilio wa utando hata mafuta hayo yakajitokeza nje. Si chembe zote zinazofanya hivyo; nyingine hubaki na kazi ya kushikana kwa fibrinojeni, protini ambayo thrombini huigeuza kuwa nyuzi za fibrini.

Prothrombini, inayozaa thrombini, na faktari VII, IX na X, ambazo pia ni protini za kugandisha damu, zina sehemu iliyoongezewa chaji hasi kwa msaada wa vitamini K, na ni ioni za kalsiamu zinazoziunganisha na utando. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa inayozuia kazi ya vitamini K, bado anatengeneza protini hizo, ila nyingi hutoka bila mshiko kamili. (Wengi husema dawa hiyo hufanya damu iwe nyepesi, lakini uzito wa damu haubadiliki hata kidogo.) Faktari V na VIII hujishikiza kwa njia yao wenyewe. Faktari X iliyoamshwa inapokaa kwenye utando karibu na faktari V iliyoamshwa nayo, huzalisha thrombini kwa kasi ya takriban mara 300,000 kuliko ikiwa peke yake katika majimaji.

Sitrati iliyomo katika chupa ya buluu huifunga kalsiamu, ndiyo sababu damu haigandi njiani. Nilimpa mwanafunzi vichupa viwili vya plazma yenye kaolini (udongo mweupe unaoanzisha kuganda), vyote katika nyuzi 37, kimoja kikiwa na mafuta, akavirudishia kalsiamu kwa wakati mmoja. Baada ya kama nusu dakika, uzi mweupe wa fibrini ulinasa kwenye ncha ya kijiti alichokuwa akikitumbukiza katika kile chenye mafuta. Kile kingine kilikuwa bado maji matupu, naye akaendelea kukiinamia.