Samakimkunje

Mwaka 2009 nilikuwa fundi kompyuta pekee katika ofisi moja ya Dar es Salaam iliyokuwa na tawi Mwanza. Kila mwisho wa mwezi orodha ya mishahara ilikwenda Mwanza kwa barua pepe, na mwezi mmoja ikasomwa na wasiohusika. Dereva akajua anachopata dereva mwenzake, pakachimbika. Bosi akaniita: "Tafuta namna."

Namna ilikuwepo, tena ya bure. Usimbaji wa AES, yaani njia ya kuvuruga faili lisisomeke bila ufunguo, ulikuwa umepitishwa Marekani tangu 2001, baada ya wataalamu wa nchi mbalimbali kuhangaika miaka kuuvunja wasiweze. Mimi nikaona hayo ni mambo ya majeshi na mabenki. Na tuseme ukweli, nilitaka kitu nilichotunga mwenyewe. Usiku mbili tu nikawa na programu yangu, nikaiita Kufuli.

Kufuli ilitumia XOR, kanuni rahisi ya kompyuta ya kuchanganya namba mbili kupata ya tatu. Ufunguo wake ulikuwa "samakimkunje", herufi 12, kutoka methali ambayo bibi yangu hakuichoka. Baiti ya kwanza ya faili, yaani kijipande chake cha ukubwa wa herufi moja, inachanganywa na s, ya pili na a, hadi e ya mwisho, kisha tunaanza tena na s. Kulifungua faili ni kurudia kitendo kilekile. Nilichungulia faili moja lililofungwa, nikaona takataka tupu, nikalala usingizi mnono. Sikushuka hadi chini.

Aliyeshuka ni mhasibu wa Mwanza, mama mmoja wa makamo. Alilibofya faili kabla ya kulipitisha kwenye Kufuli, Windows ikamuuliza alifungue kwa programu gani, akachagua Notepad. Akanipigia simu.

"Mwanangu, huyu samaki ni wa nini?"

"Samaki yupi, mama?"

"Si huyu humu! Samakimkunjesamakimkunjesamakimkunje, nashuka tu haishi."

Mafaili ya Excel ya zamani, yale ya .xls, yana sehemu tupu nyingi zilizojazwa sifuri, na XOR ya sifuri na herufi yoyote hukurudishia herufi ileile. Nilikuwa nimefunga mlango nikaacha ufunguo unaning'inia kitasani.

Sikukoma. Nikaongeza ufunguo wa pili wa herufi 7, ili mchanganyiko ujirudie baada ya baiti 84 badala ya 12. Nilijivunia sana hiyo 84. Notepad nayo sasa ilionyesha vijisanduku tu, kwa kuwa herufi ndogo mbili zikipigwa XOR hazitoi herufi inayosomeka. Nikampelekea rafiki yangu aliyesoma hisabati chuo kikuu. Hakuuliza funguo zangu ni zipi. Alitafuta panapojirudia, akakata kipande cha baiti 84, akakitumia chenyewe kama ufunguo. Chai haijapoa, akawa ananisomea mshahara wangu.

"Mbona mdogo hivi?"

Hilo liliniuma kuliko Kufuli. Ndipo akanieleza habari za Auguste Kerckhoffs, Mholanzi mtaalamu wa lugha na usimbaji, aliyeandika mwaka 1883 kwamba mtambo wa siri uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo hana. Wangu ulikuwa na funguo zote mbili ndani ya programu yenyewe; aliyeinakili kwenye flashi alikuwa amemaliza kazi.

Tukahamia GnuPG, programu ya bure ya usimbaji inayotumia funguo mbili: wa wazi wa kufungia faili, na wa siri wa kulifungulia. Mama wa Mwanza alitengeneza funguo zake kwenye kompyuta yake, wa siri akabaki nao, wa wazi akanitumia. Ilibaki kuhakikisha kuwa uliofika ni wake kweli, kwa hiyo akanisomea kwa simu alama ya kuutambulisha ufunguo huo, tarakimu na herufi 40, nne nne. "B ya baba. Tisa. E ya embe. Sifuri." Kwenye kundi la sita pikipiki ikapita dirishani kwangu, tukaanza upya. Akatua kidogo.

"Na hii nayo umeitunga wewe?"

"Hapana, mama."

"Haya, andika. D ya dada."