Kihispania cha kwenye sinki la vyombo

Nimeanza kujifunza Kihispania mara tatu. Mbili za mwanzo nilifanya kama wengi tunavyofanya, unanunua daftari jipya, unajiandikia ratiba ya kila siku saa moja mpaka saa mbili usiku, wiki ya kwanza unaipatia kweli, ya pili unaanza kuchoka, ya tatu daftari liko chini ya kochi na kalamu hujui iko wapi. Mara ya tatu sikuweka ratiba kabisa, na sio kwamba nilikuwa nimepata akili, basi tu nilikuwa sina muda, na ajabu ndiyo mara pekee lugha imeamua kukaa.

Siku iliyonifungua macho nilikuwa naosha vyombo. Nilishajizoesha kujisemea kimoyomoyo kile ninachofanya, estoy lavando los platos, naosha sahani, huku sponji mkononi na povu mpaka kwenye kiwiko, mara glasi ikaniponyoka paa kwenye sinki. Haikuvunjika, ila nikataka kulisema hilo tukio nikakwama. Kichwani ikaja sentensi ya Kiingereza, kwamba mimi nimeiangusha glasi, nikaitafsiri neno kwa neno na hata mwenyewe nikaona haijakaa sawa. Nikafuta mikono nikaenda kutafuta kwenye simu, kumbe wenyewe wanasema se me cayó el vaso. Nikaitazama weee. Yaani glasi imeanguka yenyewe, halafu hako ka me ka katikati ndio mimi niliyepatwa na balaa. Sasa si ndiyo "glasi imeniponyoka" yetu hiyohiyo? Kosa la glasi, mimi ni mhanga tu! Muda wote nilikuwa nazungukia Kiingereza kufika sehemu ambayo Kiswahili kilikuwa jirani yake.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwinda. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo treinta años, nina miaka 30, wote tuna miaka kama mtu anavyokuwa na mizigo. Me duele la cabeza ni kichwa kinaniuma, kichwa ndio mtendaji mimi nateseka. Hay ni kuna, imeisha hiyo. Ukisema lo veo, hako ka lo kanakaa kabla ya kitendo, sawa na -ki- ya nakiona. Na hawahangaiki kutaja yo kila saa, hablo peke yake inatosha kama sisi tunavyosema naongea bila kuanza na mimi. Kuna somo la ser na estar, vitenzi viwili ambavyo vyote ni "kuwa", ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinalipigia kelele sura nzima, ila nusu yake unaijua tayari, huwezi kusema "kikombe ni mezani", utasema kiko mezani, basi hapo ni está. (Nusu nyingine, ile ya hali na tabia, bado inanisumbua siwadanganyi.) Na hiyo mesa yenyewe ni meza, tuliipata kwa binamu yake Mreno, bendera pia. Jinsia za nomino nazo watu wanazilalamikia, el na la, mbili tu! Mtu aliyekua na ngeli analalamikia nini hapo?

Sasa haya yote nisingeyaona kwenye daftari, kwa sababu kwenye daftari nilikuwa nakariri orodha. Hermann Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyechapisha utafiti wake wa kusahau mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, akaona nyingi zinapotea mapema sana na baada ya hapo kasi ya kusahau inapungua. Nilivyosoma hiyo nikacheka, maana orodha zangu za maneno 40 kwa usiku mmoja zilikuwa hizohizo silabi zisizo na maana. Neno grifo nimelisoma mara ngapi likapita, lakini siku bomba linavuja na mimi nimeshika spana nalitafuta neno lake, hilo halitoki tena hata ulisugue.

Simu nayo niliibadilisha lugha. Siku mbili za kwanza nilijuta, nilishindwa hata kupunguza mwanga wa kioo, nikawa natafuta vitu kwa kukumbuka vinakaa kona gani. Ila neno la kwanza lililoingia mpaka kwenye mifupa ni posponer, kile kitufe cha kuahirisha alamu, kwa sababu nakibonyeza kila asubuhi mara tatu nne. Baadaye nikajua kwamba ukisema wewe mwenyewe unaahirisha inakuwa pospongo, hiyo g inajitokeza tu kutoka kusikojulikana, na sijawahi kuikosea hata siku moja. Uvivu wangu umenifundisha kitenzi kigumu kuliko mwalimu yeyote.

Vikaratasi vya kubandika kwenye vitu, ule ushauri maarufu, mimi vilinishinda. Nilibandika mlango, friji, kioo, mpaka mswaki. Siku ya nne macho yalishavizoea nikawa sivioni, vimekuwa rangi ya ukuta. Nikavitoa. Kilichosaidia ni kusikiliza kitu wakati napiga pasi, podikasti au taarifa ya habari, hata kama naambulia neno moja kati ya kumi, na kuandika orodha ya manunuzi kwa Kihispania, maana pale ukikosea unarudi bila sabuni.

Mtu akiniuliza itachukua muda gani namwambia tupige hesabu. Foreign Service Institute ya Marekani, wanaofundisha lugha wanadiplomasia wao, kwa miaka mingi walikadiria Kihispania wiki 24 mpaka 30, yaani saa 600 mpaka 750 za darasani, na Kiswahili chetu walikiweka juu zaidi, kama wiki 36, saa 900. (Nilijisikia vizuri kidogo kusoma hivyo.) Sasa vyombo, pasi na safari ya kwenda kazini ukivijumlisha kwangu ni kama dakika 40 kwa siku, kwa mwaka saa 243 hivi. Kwa hiyo miaka mitatu, na saa za kwenye sinki sio saa za darasani tusidanganyane. Lakini hesabu yao ni ya wanaotokea kwenye Kiingereza, na mimi vyombo nitaviosha hiyo miaka mitatu nitake nisitake.

Kinachonitoa jasho mpaka leo ni saa. Nina rafiki wa kubadilishana lugha, yeye anajifunza Kiswahili, tunapigiana wikendi. Kuna siku nikamwandikia tuongee a las dos, kichwani mwangu ni saa mbili usiku, nimetulia nimeshakula. Mwenzangu kapiga saa nane mchana, mimi niko katikati ya watu simu inatetemeka mfukoni nashangaa ana shida gani huyu. Nikamwomba radhi, nikamweleza saa zetu zinavyohesabiwa, sita zinaongezwa au zinapunguzwa, akafurahi mno. Akafurahi kupitiliza, maana wiki iliyofuata nikaandika a las nueve kwa usahihi kabisa, saa tatu usiku, nimejipongeza na nini, yeye akaamua kwamba lazima nimekosea tena na namaanisha saa tisa, akapiga saa tisa alasiri.

Siku hizi kila nikiangalia saa naisema kwa sauti, son las siete y cuarto, saa moja na robo, watu nyumbani walishazoea. Kesho tunaongea tena. Ameniandikia: a las ocho, saa mbili, usiku, giza, mwezi, umeelewa? Nimemjibu sí, na kuna alamu mbili nimeziweka, ya kwanza najijua nitaipa posponer.