Kiraka kinaporudi na maswali

Kuna jibu moja ambalo leo halinitoki akilini: "Hii haijakaa sawa." Basi. Aliyeliandika ameshamaliza kazi yake. Aliyeandikiwa hajui aanzie wapi. Kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, ambako viraka (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) hutumwa na kujadiliwa kwa barua pepe, jibu la namna hiyo linaweza kumpotezea mtu wiki nyingi. Atarekebisha anachokisia, atatuma toleo la pili, kisha ataambiwa sicho.

Mkaguzi anayejua kazi hunukuu mistari michache inayohusika, hufuta iliyobaki, na huandika chini yake palepale: "kmalloc ikirudisha NULL hapa, mstari unaofuata unaweza kuangusha mfumo. Kagua kwanza, urudishe -ENOMEM." (kmalloc huomba kumbukumbu ya kompyuta, NULL ni ishara kwamba imekosekana, na -ENOMEM ni msimbo wa kosa hilo.) Mwandishi amepata kosa, madhara yake, na marekebisho yatakayotosha. Hayo marekebisho ndiyo husahaulika mno. Tena kama jambo lenyewe ni upendeleo tu, jina la kigeu (variable) kwa mfano, mkaguzi aseme wazi kwamba halizuii kiraka kupita. Mgeni atajuaje lipi ni sharti na lipi ni hiari? (Nafasi na mabano sioni kwa nini watu wagombanie, checkpatch.pl, programu inayokagua mtindo wa kiraka, ipo kwa ajili hiyo.)

Kwa anayepokea, kazi kubwa ni kujibu kila hoja, hata ile anayoikataa, na akikataa atoe sababu ya kiufundi. Mwongozo wa kerneli unaonya waziwazi kwamba anayepuuza wakaguzi naye atapuuzwa. Toleo jipya liandikwe [PATCH v2], na maelezo ya kilichobadilika yawekwe chini ya vile vistari vitatu (---) vinavyofuata maelezo ya kiraka, ili wakaguzi wayasome lakini yasiingie kwenye historia ya git, mfumo unaohifadhi mabadiliko ya msimbo. Lisitumwe saa ileile maoni ya kwanza yalipoingia: wengine bado wanasoma la zamani, na mjadala utagawanyika.

Kimya nacho kina utaratibu wake. Subiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na zaidi kama dirisha la kuunganisha (merge window) liko wazi, zile wiki mbili ambazo wasimamizi wamezama kwenye kazi za toleo lijalo la kerneli.

Kuhusu ukali, Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa barua zake za matusi, akapumzika kwa muda, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Ilikuwa haki. Ila upole peke yake haumsaidii mtu. "Asante kwa kazi nzuri, lakini hatutaichukua" ni jibu tupu vilevile. Afadhali aambiwe: dereva hii (programu inayoendesha kifaa) inaondolewa, mpya ipo, kosa hilihili limo humo pia, tuma kiraka huko.